Mkimbizi mbele ya Kamera: Filamu za Mira Nair na Mafunzo Yake kwa Kenani, Ziwa Mweru

Ikisiri

Makala haya yanaeleza safari ya kisanaa ya Mira Nair, mwongozaji wa filamu mzaliwa wa India ambaye amefanya kazi kati ya Hollywood, India na Kampala. Mkazo umewekwa katika filamu zake nne zinazohusu watu waliong'olewa makwao au wanaoishi pembezoni mwa jamii: Salaam Bombay! (1988), Mississippi Masala (1991), The Perez Family (1995) na Queen of Katwe (2016). Hoja kuu ni kwamba taswira ya mtu aliyehama kwa kulazimishwa haitegemei kipaji cha mwongozaji peke yake. Hutegemea zaidi mpangilio wa utengenezaji, yaani muda wa maandalizi, lugha, waigizaji na mahali faida inakorudi. Kwa kuwa mwongozaji ni mmoja na mipangilio ilikuwa tofauti, kazi zake zinatupa nafasi nzuri ya kulinganisha. Matokeo ya ulinganisho huo yanatumiwa kupendekeza masharti ya kupiga filamu katika kituo cha mpito cha Kenani na makazi ya Mantapala, wilayani Nchelenge, Zambia.

1.0 Utangulizi

Ufuko wa Ziwa Mweru ni mpaka wa nchi mbili, lakini kwa wakazi wake haukuwahi kuwa mpaka wa maisha. Wavuvi, wachuuzi na jamaa wamevuka kati ya Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwa vizazi vingi. Kibemba kinasikika pande zote mbili, na Kiswahili kilifika eneo hili pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19. Katika nusu ya pili ya mwaka 2017, mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika yaliwavusha maelfu ya watu wakiwa wakimbizi. Kituo cha mpito kilifunguliwa Kenani ili kuwapokea, na mwanzoni mwa mwaka 2018 serikali ya Zambia, ikisaidiana na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR), ilianzisha makazi ya Mantapala katika wilaya hiyo hiyo.

Mahali kama Kenani huvuta kamera. Mwanahabari, shirika la misaada na mtengenezaji wa filamu, kila mmoja huja na sababu yake, na pengine sababu hizo zote ni njema. Hata hivyo, anayepigwa picha ni mtu aliyefika jana, aliyechoka, anayengoja kusajiliwa na asiyejua kama kumkatalia mgeni kutamgharimu mgao wa chakula. Washauri wa sera wanapoombwa kutoa kibali cha kupiga picha, kwa kawaida huuliza juu ya sifa na jina la mwombaji. Makala haya yanadai kwamba swali hilo, ingawa halina ubaya, si la kwanza kwa umuhimu.

Mira Nair amechaguliwa kwa sababu tatu. Kwanza, sifa yake haina shaka, kwa hiyo kasoro zozote katika filamu zake haziwezi kuelezwa kwa kukosa kipaji. Pili, suala la kuhama na kupoteza makao limo katika sehemu kubwa ya kazi zake. Tatu, amekuwa na makazi Kampala na amefundisha vijana wa Afrika Mashariki, jambo linalomfanya awe sehemu ya historia ya filamu ya kanda yetu.

2.0 Safari ya Kisanaa kwa Ufupi

Nair alizaliwa mwaka 1957 katika mji wa Rourkela, jimbo la Odisha. Baada ya masomo Delhi, alikwenda Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, na huko akaingia katika utengenezaji wa filamu za hali halisi. Miongoni mwa kazi zake za awali ni So Far from India (1982), inayomhusu mhamiaji wa Kihindi aliyeko New York huku mkewe akibaki nyumbani, na India Cabaret (1985), inayowahusu wanawake wacheza densi wa Mumbai. Mafunzo hayo ya kukaa na watu, kuwasikiliza na kungoja ndiyo yaliyounda mtindo wake wa baadaye.

Filamu yake ya kwanza ya kubuni, Salaam Bombay!, ilishinda tuzo ya Caméra d'Or katika Tamasha la Cannes mwaka 1988 na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar katika kundi la filamu za lugha za kigeni. Baada ya mafanikio hayo alifuatiwa na wafadhili wa Marekani. Monsoon Wedding (2001) ilimpatia Simba wa Dhahabu katika Tamasha la Venice. Baadaye aliongoza Vanity Fair (2004), The Namesake (2006) iliyotokana na riwaya ya Jhumpa Lahiri, Amelia (2009) na The Reluctant Fundamentalist (2012). Mwaka 2004 alianzisha Maisha Film Lab mjini Kampala, taasisi ya kuwafunza vijana wa Afrika Mashariki uandishi na uongozaji wa filamu.

Mhakiki Hamid Naficy, katika kitabu chake An Accented Cinema (2001), aliwaweka watengenezaji filamu wa uhamishoni na ughaibuni katika kundi moja, akieleza kwamba filamu zao hubeba lafudhi, yaani alama za kuhama kwao wenyewe zinazoonekana katika mandhari, lugha na hata namna kazi zinavyogharimiwa. Dhana hiyo ni ya msaada hapa, mradi tukumbuke tofauti moja. Nair alihama kwa hiari na kwa elimu, ilhali wahusika wake wengi walisukumwa. Pengo hilo kati ya anayesimulia na anayesimuliwa ndilo linalopaswa kuzibwa na mpangilio wa utengenezaji.

3.0 Filamu Nne, Mipangilio Minne

3.1 Salaam Bombay!: muda wa maandalizi

Filamu hii inamfuata mtoto Krishna anayejikuta katika mitaa ya Mumbai akiuza chai, akijaribu kupata rupia 500 ili arudi kwao. Nair na mwandishi Sooni Taraporevala walifanya utafiti miongoni mwa watoto wa mitaani, kisha watoto hao wakaingizwa katika warsha ya uigizaji kabla ya kupigwa picha. Waigizaji watoto walitoka katika warsha hiyo, na lugha ya filamu ni Kihindi, lugha ya mitaa hiyo.

Kuna tukio moja linalostahili kuzingatiwa. Krishna hajui kuandika, kwa hiyo anamlipa mwandishi wa barua wa mtaani amwandikie mama yake. Mtoto anataja maneno yake kwa uangalifu, mwandishi anaandika, lakini mtoto anapoondoka karatasi inatupwa, kwa kuwa hakuwa na anwani kamili ya kijiji chao. Tukio hili fupi linabeba tatizo zima la kuwasemea wengine. Maneno yamechukuliwa na malipo yamepokelewa, ila ujumbe haukufika. Mtu yeyote anayekusanya masimulizi katika kituo cha wakimbizi yuko katika nafasi ya mwandishi huyo, na swali la haki ni kama barua itafika kwa mwenyewe aliyeandikiwa.

Baada ya filamu, mapato yake yalisaidia kuanzisha Salaam Baalak Trust mwaka 1988, taasisi inayowahudumia watoto wa mitaani nchini India hadi sasa. Hata hivyo, mafanikio hayo yana mpaka wake. Mtoto aliyeigiza nafasi kuu alipata tuzo ya taifa ya India, lakini alipokuwa mtu mzima vyombo vya habari vilimkuta akiendesha bajaji mjini Bangalore. Kazi ya dereva si aibu. Lililo la kujifunza ni kwamba mfuko wa jumla kwa watoto wote haufungi hesabu na yule mmoja ambaye uso wake uliuza filamu. Haya ni mambo mawili, na yanahitaji vifungu viwili katika mkataba.

3.2 Mississippi Masala: sauti iliyopo na sauti iliyopungua

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wangeondoka Uganda, na muda waliopewa ulikuwa siku 90. Filamu inaanzia hapo. Jay, mwanasheria aliyezaliwa Uganda, anaondoka na mkewe na binti yao Mina. Miaka mingi baadaye wanaishi katika jimbo la Mississippi, ambako jamaa zao wanaendesha hoteli ndogo za barabarani. Mina anampenda Demetrius, kijana Mmarekani mweusi msafishaji wa mazulia, nafasi iliyoigizwa na Denzel Washington, na mapenzi hayo yanafichua ubaguzi uliosafiri pamoja na wahamiaji.

Nair alikwenda Uganda kufanya utafiti, na huko alikutana na msomi Mahmood Mamdani, ambaye mwenyewe alifukuzwa mwaka 1972 na mwaka 1973 alichapisha kitabu From Citizen to Refugee kuhusu Waasia wa Uganda waliopokewa Uingereza. Baadaye walioana. Sehemu za Uganda zilipigwa Kampala kwenyewe. Utafiti huu unaonekana katika namna filamu inavyomchora Jay. Hatumwoni akilia kwa huzuni ya jumla. Tunamwona akiandika barua baada ya barua, akiidai serikali ya Uganda mali yake. Ukimbizi kwake ni jalada la kesi ambalo halifungwi. Anaporudi Kampala hatimaye anaikuta nyumba yake imeharibika, anafahamu kwamba Okelo, rafiki yake wa utotoni, aliuawa tangu mwaka ule ule wa 1972, na anaiacha kesi.

Hapa ndipo pia udhaifu wa filamu unapojitokeza. Okelo ndiye aliyemwokoa Jay kutoka kizuizini na ndiye aliyemwambia kwamba Afrika sasa ni ya Waafrika weusi. Maneno hayo yanamuumiza Jay kwa miaka yote, lakini mtazamaji hapewi nafasi ya kumjua aliyeyasema. Mwenyeji anabaki kivuli katika hadithi ya anayeondoka. Kwa wilaya kama Nchelenge, ambako wakimbizi na wenyeji wanagawana ardhi, zahanati na soko, upungufu huu si wa kisanaa tu. Filamu inayomsahau mwenyeji huweza kuongeza kinyongo inachokusudia kukiondoa.

3.3 The Perez Family: uwezo wa fedha bila maandalizi ya watu

Kati ya Aprili na Oktoba 1980, Wakuba wapatao 125,000 walivuka bahari kutoka bandari ya Mariel hadi Florida. The Perez Family, iliyotokana na riwaya ya Christine Bell, inasimulia kundi dogo lao. Juan Raul Perez ametoka gerezani baada ya miaka 20 na anataka kumfikia mkewe aliyetangulia Miami. Dottie, mwanamke asiye na uhusiano naye, ana jina lile lile la ukoo. Ofisa wa uandikishaji anadhani ni mume na mke. Wanapopelekwa kulala katika uwanja wa michezo uliogeuzwa kambi, Dottie anatambua kwamba familia hupata wadhamini kabla ya watu wasio na familia, kwa hiyo anakusanya mzee mmoja na kijana mmoja wenye jina la Perez, na kuunda kaya.

Kwa mtaalamu wa masuala ya wakimbizi, hiki ndicho kiini cha thamani katika filamu. Mfumo wa uandikishaji unapotumia kaya kama kipimo cha kustahili huduma, watu huunda kaya. Mtazamo wa kiofisi huuita udanganyifu. Filamu inaonyesha upande mwingine, kwamba familia iliyoanza kama hila inakuwa familia kweli, kwa kuwa watu hao wanalishana, wanagombana na wanazikana. Kituoni, shangazi anayelea watoto wa dada yake aliyepotea njiani, au jirani aliyevuka na mtoto asiye wake, anajibu swali lile lile la fomu. Hivyo filamu ya mwaka 1995 inaweza kutumika katika mafunzo ya maofisa wa uandikishaji kwa manufaa zaidi ya kanuni nyingi zilizoandikwa.

Pamoja na hayo, filamu hii ilikosolewa na haikufanya vizuri sokoni. Nafasi kuu za Wakuba zilipewa nyota wasio Wakuba, wakiwemo Marisa Tomei na Alfred Molina, na wahusika walizungumza Kiingereza chenye lafudhi ya kuigiza. Mwongozaji ndiye yule yule aliyewaketisha watoto wa Mumbai katika warsha. Kilichobadilika ni mpangilio: soko la Hollywood lilidai majina yanayojulikana na lugha inayouzika. Hadithi ilibaki nzuri, lakini wenyewe hawakuwa ndani yake.

3.4 Queen of Katwe: mwafaka kati ya soko na mtaa

Queen of Katwe, iliyotengenezwa na kampuni ya Disney, inamhusu Phiona Mutesi, msichana wa mtaa wa Katwe mjini Kampala aliyepata umaarufu katika mchezo wa sataranji chini ya kocha Robert Katende. Nyota wenye majina makubwa walikuwepo, David Oyelowo na Lupita Nyong'o, lakini nafasi ya Phiona ilipewa Madina Nalwanga, msichana wa Kampala ambaye hakuwa ameigiza filamu kabla. Watoto wengine pia walipatikana Kampala, na sehemu kubwa ya picha ilipigwa Katwe kwenyewe.

Mambo mawili yanatofautisha kazi hii na The Perez Family. La kwanza ni kwamba mwongozaji alikuwa mkazi wa mji huo kwa miaka mingi na taasisi yake ilikuwa imekwisha kufunza watu humo. Nyong'o mwenyewe alikuwa amefanya kazi nyuma ya kamera katika The Namesake kabla hajajulikana kama mwigizaji. La pili ni mwisho wa filamu, ambapo watu halisi wanatokea na kusimama kando ya waigizaji waliowaigiza. Mwenye hadithi anaonekana kwa uso wake na kwa jina lake. Hata hivyo mazungumzo ni ya Kiingereza kwa sehemu kubwa. Luganda inasikika kama pambo la mazingira tu, na huo ndio mpaka ambao soko la kimataifa halikukubali uvukwe.

4.0 Matokeo ya Ulinganisho

Filamu hizi nne zinaonyesha kwamba vigezo vinne vina uzito kuliko jina la mwongozaji. Cha kwanza ni muda uliotumika na watu kabla ya kamera kuwashwa. Cha pili ni lugha ya wahusika. Cha tatu ni ushiriki wa watu wenyewe, wakimbizi na wenyeji kwa pamoja, mbele na nyuma ya kamera. Cha nne ni njia ya faida kurudi kwao. Salaam Bombay! ilitimiza vyote vinne, kwa upungufu katika cha nne. Mississippi Masala ilikuwa na utafiti wa kina, lakini ikapungukiwa upande wa wenyeji. The Perez Family ilikuwa na fedha na nyota, ikakosa lugha na watu. Queen of Katwe ilipata watu, ikaacha lugha.

Huenda ikadaiwa kwamba vigezo hivi ni anasa kwa mwanahabari mwenye siku mbili. Jibu ni kwamba mwenye siku mbili anaweza kutimiza baadhi yake kwa kufanya kazi na watu waliokwisha kufunzwa mahali hapo. Mfano upo katika kanda yetu: shirika la FilmAid limefanya kazi katika kambi ya Kakuma, Kenya, tangu mwaka 2001, likionyesha filamu na kuwafunza vijana wakimbizi kuzitengeneza. Mgeni anayefika mahali penye watu waliofunzwa hukuta wenzake wa kazi, wala hakuti mada tu.

Zambia nayo ina mfano wake. Rungano Nyoni, aliyezaliwa Lusaka na kulelewa Wales, alimpa msichana asiye mwigizaji nafasi kuu katika I Am Not a Witch (2017), na filamu yake On Becoming a Guinea Fowl (2024) inazungumza Kibemba pamoja na Kiingereza na ilimpatia tuzo ya uongozaji katika kundi la Un Certain Regard huko Cannes. Kwa hiyo dai kwamba lugha za Kiafrika huzuia filamu kupata heshima ya kimataifa halina mashiko tena.

5.0 Mapendekezo kwa Kenani na Mantapala

Sheria ya Wakimbizi ya Zambia, Namba 1 ya mwaka 2017, inaweka usimamizi wa masuala haya chini ya Kamishna wa Wakimbizi. Bila kubadili sheria, masharti ya kibali cha kupiga filamu yanaweza kujumuisha yafuatayo.

Kwanza, Kenani itofautishwe na Mantapala. Kituo cha mpito ni mahali pa watu waliofika karibuni, na ridhaa yao ni dhaifu. Mahojiano marefu na filamu za simulizi zifanyike katika makazi, baada ya watu kupata utulivu, na kituoni pabaki kwa habari za lazima zisizofichua nyuso za watoto.

Pili, ridhaa itolewe kwa Kiswahili au Kibemba, kwa sauti na si kwa karatasi tu, na mtu wa tatu asiye mwajiri wa kamera aeleze wazi kwamba kukataa hakuathiri huduma. Mhusika awe na haki ya kuondoa sehemu yake kabla ya filamu kutolewa. Kwa anayekimbia kundi lenye silaha, jina na uso vinaweza kuhatarisha jamaa aliyebaki ng'ambo ya ziwa.

Tatu, kila mradi unaozidi wiki moja uwachukue na kuwalipa wanafunzi kutoka kwa wakimbizi na kutoka vijiji jirani, kwa idadi zinazokaribiana. Vipaza sauti, uhariri wa picha na utafsiri ni stadi zinazobaki baada ya wageni kuondoka.

Nne, mkataba utenganishe malipo ya mhusika binafsi na mchango kwa jamii, kwa sababu iliyoelezwa katika sehemu ya 3.1.

Tano, filamu ionyeshwe kwanza ufukoni, kwa wakimbizi na wenyeji, kabla ya kwenda kwa wafadhili. Sharti hili ni la gharama ndogo kuliko yote na huenda ndilo lenye nguvu kuliko yote, kwani anayejua kwamba atakaa gizani pamoja na watu aliowapiga picha huhariri kwa namna nyingine. Lina uzito wa kihistoria pia. Tangu Central African Film Unit ilipoundwa mwaka 1948, wakazi wa Rhodesia ya Kaskazini walipelekewa filamu za kuwaelekeza namna ya kuishi. Wakati huu wao ndio watakaokuwa na neno juu ya filamu.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kazi za Mira Nair, zikisomwa pamoja, ni mfululizo wa majibu tofauti kwa swali moja: nani anashika kalamu pale mtu aliyepoteza makao anapotaka kusema? Majibu yalikuwa bora pale mpangilio ulipowapa watu muda, lugha, nafasi na sehemu ya faida, na yalidhoofika pale soko lilipoviondoa. Kwa kuwa mpangilio ni jambo linaloweza kuandikwa katika kibali, liko ndani ya uwezo wa wasimamizi. Utafiti zaidi unahitajika miongoni mwa wakimbizi na wenyeji wa Nchelenge wenyewe, kwa Kiswahili na Kibemba, ili masharti yaliyopendekezwa yapimwe na wale yanaowahusu kabla hayajawekewa sahihi.